Sinia la Bi Zamda na Taka za Kuanzia

Nchi yenyewe msiniulize iko wapi. Ukiona bango kubwa kuliko nyumba iliyo nyuma yake, na kwenye bango kuna mtu anakuonyesha meno yote thelathini na mawili, jua umeshavuka mpaka. Vua kofia, cheka kidogo, endelea na safari.

Nchi hiyo ina sikukuu nyingi, lakini moja tu ndiyo ambayo serikali haikuianzisha: Sikukuu ya Mchele Mpya. Siku tatu, mpunga wa vuli ukishakobolewa. Na mtaa wa Bondeni una desturi yake. Siku ya kwanza hakuna anayekula alichopika. Unapika, unapakua kwenye sinia, unafunika kawa, unampelekea jirani, na wewe unakula cha jirani mwingine. Sinia likirudi, halirudi tupu. Hata kama mwenzio hana kitu ataweka ndimu mbili, chumvi ya kidole, jani la mchaichai. Kumrudishia mtu sinia tupu Bondeni ni sawa na kumtukania mama yake, tena mbele ya wakwe.

Taka? Taka zipi? Ukoko wanagombea watoto. Maganda ya ndizi ni ya mbuzi. Mifupa ina mbwa wake, wanajulikana kwa majina. Majivu yanasugulia sufuria. Mtaa mzima una pipa moja la taka, na mwaka wa kisa hiki kuku alikuwa ameatamia humo.

Mtaani hapo ndipo alipokaa Bi Zamda, mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuweza kumsimamisha punda aliyekata kamba. Alikuwa na sinia la shaba aliloachiwa na mama yake. Ukingoni lina ubonyeo, pale mama mtu alipompiga nalo mwizi wa kuku. Sinia hilo lilizunguka Bondeni miaka hamsini na halikuwahi kulala nje zaidi ya siku moja. Bi Zamda alikuwa akilisugua kwa majivu na ndimu, akiliangalia hivi, akimwona mama yake. Wengine wana picha ukutani. Yeye ana sinia.

Basi. Mwaka huo serikali ikagundua taka.

Haikuzigundua yenyewe, tusiisingizie. Aliyezigundua ni mfadhili mmoja aliyekuja kwa ndege, akachungulia dirishani, akasema, "Nchi yenu ina taka." Serikali ikashukuru mno, ikaunda wizara siku hiyo hiyo: Wizara ya Usafi, Sherehe na Mengineyo. Waziri wake akawa Mheshimiwa Daktari Injinia Makoroma. Udaktari alipewa kwenye chakula cha mchana. Uinjinia, hakuna anayekumbuka aliuokota wapi.

Kampeni ikapewa jina: *Sherehekea Bila Kuchafua, Punguza Taka za Nyumbani kwa Nusu.* Uzinduzi ukafanyika uwanja wa Bondeni, siku moja kabla ya sikukuu. Yalikuja maputo elfu tatu yameandikwa USAFI NI UHAI. Zikaja chupa za maji zenye uso wa waziri. Zikaja fulana, kila moja ndani ya mfuko wake, na kila mfuko ndani ya mfuko mwingine, usije ukachafuka. Yakaja maua ya plastiki kutoka nje, kwa sababu maua ya nchini yana tabia mbaya ya kuoza.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa. "Taka ni adui! Na adui huyu anazaliwa wapi? Anazaliwa jikoni! Anazaliwa nyumbani! Sisi huku serikalini hatuna taka! Sisi tuna nyaraka! Lakini nyinyi, akina mama, mnapika kupita kiasi! Mnamenya ovyo! Mnaosha mchele mpaka maji yanakata tamaa!"

Watu wakapiga makofi, maana bila kupiga makofi hupati fulana. Mheshimiwa akanywa maji, akaitupa chupa nyuma ya bega bila kugeuka, kwa ustadi wa mtu ambaye maisha yake yote huko nyuma kumekuwa na wa kudaka. Siku hiyo hakuwepo wa kudaka. Chupa ikaanguka, uso wake ukatazama juu, meno nje.

Kisha akataka kuonekana nyumbani kwa mwananchi. Akaingizwa kwa Bi Zamda, kamera nyuma yake zinakanyagana kama kuku kwenye mtama. Bi Zamda naye ana adabu zake. Mgeni ni mgeni, hata kama hakualikwa. Akapakua wali wa mchele mpya na kuku wa nazi kwenye sinia la mama yake, akafunika kawa, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mheshimiwa akala vijiko vitatu, kimoja kwa kila kamera. Halafu akaliinua sinia.

"Hiki," akasema, "ni kielelezo! Chombo cha asili! Hakitupwi! Nakichukua nikakionyeshe kwa wafadhili!"

"Chukua na chakula chake, mwanangu," Bi Zamda akasema. "Ila kesho lirudi. Na kwetu sinia halirudi tupu, sijui kwenu."

Mheshimiwa akacheka sana, akamwambia msaidizi wake, "Umemsikia bibi?" Sinia likaingia kwenye buti la gari. Kawa likaachwa mlangoni.

Kesho yake, siku ya kwanza ya sikukuu, mtaa mzima unanukia iliki. Bi Zamda amekaa kizingitini na kawa mkononi, anaangalia barabara. Sinia hakuna. Badala yake akamwona Msabaha anakuja, kabeba mizani ya kuning'iniza kama ya wauza nyama, na shati lenye nembo ya wizara.

Msabaha ni mtoto wa Bondeni. Bi Zamda ndiye aliyempokea kutoka tumboni mwa mama yake, Bi Nunuu wa nyumba ya pili. Sasa alikuwa Mpimaji Daraja la Tatu.

"Hodi, Bi Zamda. Sikukuu njema. Nimekuja kupima taka."

"Karibu, mwanangu. Pima."

Msabaha akaingia jikoni. Akachungulia chini ya meza. Akainua chungu. Akarudi.

"Ziko wapi?"

"Nini?"

"Taka."

"Hakuna."

"Bi Zamda, usinifanyie hivyo. Lazima ziwepo. Fomu inasema, 'Taka za kuanzia,' halafu hapa chini, 'Taka baada ya kupunguza.' Sasa nitapunguza nini?"

"Andika sifuri."

"Sifuri haina nusu!" Msabaha alitaka kulia. "Nyumba arobaini nimepita, hii ya arobaini na moja, zote sifuri. Hata kwa mama yangu. Nimempigia bosi, amenitukana. Anasema serikali imeshaahidi kupunguza nusu, mfadhili ameshatia saini, sasa nyinyi Bondeni mnahujumu kwa kukosa taka."

"Haya, tumehujumu. Sinia langu liko wapi?"

Msabaha akatazama viatu vyake. "Liko wizarani. Wamelifanya dhamana. Mheshimiwa amesema Bi Zamda ni kaya ya mfano, atoe mfano. Ukipunguza taka zako kwa nusu mpaka jioni ya keshokutwa, sinia linarudi. Usipopunguza, linayeyushwa, wanatengeneza sanamu."

"Sanamu ya nani?"

"Ya ufagio."

Bi Zamda akaliweka kawa chini, polepole. Majirani waliokuwa wakisikiliza, waliomjua, walianza kurudi nyuma hatua moja moja.

"Lakini usijali," Msabaha akaharakisha, "tatizo la taka limeshatatuliwa. Mnaletewa."

Nanyi mtadhani natania. Saa nane mchana, jua linawaka, watu wanakula, lori la wizara likaingia Bondeni likipiga honi. Halikuja kwa kujificha. Lilikuja na bendera. Lilibeba taka zote za uzinduzi, chupa, maputo, mifuko ya fulana, mifuko ya mifuko, maua ya plastiki, sahani za plastiki zenye mabaki ya pilau la waheshimiwa. Zilifika zimeshaanza kunuka, kwa sababu zililala kwenye lori zikisubiri muhuri. Kila nyumba ikapewa kilo nne. Kila mwenye nyumba akatia dole gumba kwenye karatasi iliyosema amepokea taka zake za kuanzia, ni nzuri, na hana malalamiko.

Kilo nne mkizisikia ni kitu kidogo. Lakini plastiki haina uzito, ina kiburi tu. Kilo nne za chupa tupu zilijaza baraza ya Bi Zamda mpaka mlango ukawa haufunguki. Ilibidi aingie kwake kwa dirisha, miaka sitini na kitu, miguu juu, siku ya sikukuu.

"Zichomeni basi!" akasema mtu.

Msabaha akasoma kwenye kitabu. Kuchoma ni kosa.

"Tuzifukie."

Kosa.

"Tupeleke jalalani."

Jalala limefungwa kupisha kampeni.

"Basi tuzirudishe kwenye lori lao!"

"Kifungu cha tano," Msabaha akasoma, sauti imekauka. "*Kilichokutwa ndani ya ua ni cha mwenye ua, bila kujali kimeingiaje.*"

Siku ya pili alfajiri kikasikika kilio kutoka nyumba ya pili. Mbuzi wa Bi Nunuu, yule mweupe mwenye doa, alikuwa amekula puto. Alikutwa amelala ubavu, ulimi nje, na pembeni ya mdomo wake kimening'inia kipande chekundu kimeandikwa NI UHAI. USAFI lilikuwa limeshashuka.

Maziwa ya mbuzi huyo, na ya mama yake, na ya bibi yake, ndiyo yaliyomsomesha Msabaha mpaka akajua kusoma vifungu. Mpimaji Daraja la Tatu alisimama pale na mizani yake. Bi Nunuu akamwangalia mwanawe, akamwambia kwa upole kabisa, "Mpime na yeye. Naye ni taka sasa, si ndiyo? Mpime, baba, uandike."

Msabaha hakumpima. Alikaa chini.

Bi Zamda akavaa baibui lake la kutokea, akaenda wizarani. Wizara ya Sherehe haifungi siku ya sikukuu, ndio msimu wake. Ukumbi wa mapokezi ulijaa vikapu vya zawadi vimezungushiwa karatasi za plastiki zinazometameta, vina riboni, vinasubiri kupelekwa kwa wakubwa. Nyuma ya meza alikaa karani mmoja mnene, anakula korosho kutoka kwenye kikapu cha mtu.

"Nimefuata sinia langu."

"Namba ya kielelezo?"

"Halina namba, lina ubonyeo."

"Bila namba halipo, mama."

"Halipo? Na lile pale ni nini?"

Kwenye kona, chini ya kiyoyozi kinachovuja, lilikuwa sinia la mama yake. Limejaa maji ya kutu. Ndani yake kulikuwa na vipisi vinne vya sigara vikielea, na mfupa wa kuku. Bi Zamda aliutambua ule mfupa. Alikuwa amempika mwenyewe.

"Aa, lile!" karani akasema. "Lile liko kazini."

Nawaambieni, mama huyu alikuwa amefiwa na mume, amekula ukame, ameona mafuriko yakimbebea kitanda, hakutetemeka. Hapo alitetemeka. Alitaka kuliinua lile sinia amwonyeshe karani jinsi ubonyeo ulivyopatikana. Lakini akaona mlangoni kuna askari wawili, na akili ya Bi Zamda ikikasirika haichemki, inaganda. Akavuta kiti.

"Mwanangu, hebu nielimishe, mimi sikusoma. Hivi vikapu vyote hivi na maplastiki yake vikifika kwa wakubwa, si vitakuwa taka? Mbona hawa hawapimwi?"

Karani akafurahi kuulizwa. Karani wa nchi ile huulizwa mara moja kwa mwaka. Akapangusa vidole, akafungua kitabu kile kile cha Msabaha, ukurasa wa nyuma.

"Kifungu cha tisa, mama. Hiki alikiweka Mheshimiwa mwenyewe. *Zawadi ya sikukuu, ikiwa imefunikwa na ikapokelewa kwa mikono, si taka ya aliyetoa.* Umeona? Ikishapokelewa, imetoka kwako. Wewe ni msafi."

"Ni ya nani sasa?"

"Ya aliyepokea."

"Hata ndani kukiwa na nini?"

"Sheria haifunui zawadi za watu, mama. Ni utovu wa adabu."

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie korosho."

Siku ya tatu mchana, Mheshimiwa Makoroma alikuwa na karamu ya kufunga kampeni, bustanini kwake. Wafadhili walikaa chini ya turubai. Kamera zilikuwepo. Watu walikuwa wakila kwenye vyombo vya kutupwa, kwa sababu vyombo vya kuosha vinamaliza maji.

Getini wakatokea wanawake wa Bondeni. Arobaini na mmoja wa mbele, na nyuma yao dada zao, wakwe zao, binti zao. Wamevaa nguo za sikukuu, wamejifukiza udi. Kila mmoja na sinia, au chano, au ungo kichwani, na juu yake kawa. Chupa zilikuwa zimekanyagwa usiku kucha zikawa bapa kama chapati, zikapangwa kwa ustadi wa watu wanaojua kupakua. Bi Zamda alitangulia. Hana sinia, kwa hiyo alibeba beseni la kufulia, na juu yake kawa lile lile lililoachwa mlangoni.

"Mmebeba nini?" askari akauliza.

"Sikukuu, mwanangu."

"Chakula?"

"Ndicho mlichotuletea, tumekipakua vizuri."

Mheshimiwa alikuwa ameshawaona, na kamera zilikuwa zimeshageuka. Akafungua mikono.

"Wafadhili wetu, tazameni! Huu ndio utamaduni! Hawa wananchi wangu wameguswa! Wanarudisha shukrani!"

"Pokea kwa mikono, Mheshimiwa," Bi Zamda akasema. "Ndiyo heshima."

Akapokea. Beseni la kwanza, mikono miwili, meno thelathini na mawili. Akapokea la pili. La tatu. Kila alipopokea aligeukia kamera. Walipofika la arobaini na moja, meza zote zilikuwa zimejaa, na mfadhili mmoja, mwenye njaa ya kujua, akainua kawa; wenzake wakainua mengine.

Mheshimiwa Daktari Injinia Makoroma akajitazama. Alikuwa pale kwenye chupa, amekanyagwa, amebonyea, nyuso mia na kitu, zote zinacheka, zimelaliwa na wali uliochacha na maua ya plastiki. Kwenye chano cha Bi Nunuu kulikuwa na kwato nne, na kipande chekundu kimeandikwa NI UHAI.

"Ni nini hii?" akanong'ona.

"Ni zako!" Bi Zamda sasa aliiachia sauti, ile ya kusimamisha punda. "Ulikuja kwangu nikakulisha. Ukaondoka na sinia la marehemu mama yangu, ukalitia vipisi vya sigara! Kesho yake ukanirudishia nini? Lori! Miaka hamsini mtaa wetu hauna pipa la pili, halafu wewe unayetupa chupa bila kugeuka shingo unakuja kutufundisha kumenya ndizi! Umetuletea uchafu wako tuupunguze, ukapigiwe makofi! Mbuzi wa mwenzangu amekufa na maneno yako kooni! Haya! Sisi ni watu wa Bondeni, kwetu chombo hakirudi tupu. Umeleta, tumerudisha. Sikukuu njema!"

Mfadhili mmoja akaandika kitu. Mheshimiwa akageuka huku na huku akitafuta wa kudaka, akaona shati lenye nembo nyuma ya akina mama.

"Wewe! Mpimaji! Waandikie makosa!"

Msabaha akaja na mizani yake. Akafungua kitabu. Mama yake alikuwa akimwangalia.

"Kifungu cha tisa. Imefunikwa, imepokelewa kwa mikono, kamera zimeona. Bondeni, sifuri." Akaning'iniza sinia la kwanza, la pili, akapima yote, moja moja, hana haraka. "Kifungu cha tano. Kilichokutwa ndani ya ua ni cha mwenye ua. Nyumbani kwa Mheshimiwa, kilo mia moja sitini na nne. Bado sijapima meza zenu."

Wanawake wakamimina kila kitu mezani, wakapangusa vyombo vyao, wakaondoka navyo. Kuacha chombo kwa mtu kama yule, nani tena angethubutu?

Sasa msidhani waziri alifukuzwa. Nchi ile mnaisahau. Kesho yake asubuhi redio ilitangaza kwamba kampeni imevuka lengo: Bondeni ilitakiwa ipunguze nusu, imepunguza zote. Mheshimiwa alipewa nishani. Nyumba yake iligundulika kuwa si nyumba ya kuishi, ni taasisi, kwa hiyo haipimwi. Mpimaji mmoja wa Daraja la Tatu alisimamishwa kazi kwa kujua kusoma, na alionekana asubuhi hiyo hiyo akijenga zizi kwa mama yake.

Saa nne gari la wizara likasimama kwa Bi Zamda. Dereva akashusha boksi kubwa, akakimbia. Bi Nunuu na Msabaha wakaja kusaidia kufungua. Ndani ya boksi kulikuwa na boksi. Ndani yake, povu jeupe lile linalokatikakatika na kurukaruka uani kama nzige. Ndani ya povu, plastiki. Ndani ya plastiki, riboni. Na ndani ya yote hayo, sinia la mama yake, lina alama ya duara la kutu katikati.

Juu ya sinia kulikuwa na cheti chenye fremu ya plastiki ya rangi ya dhahabu: *Kwa Kaya Iliyopunguza Taka Kupita Kiasi.* Chini, sahihi ya Mheshimiwa, na uso wake, unacheka.

"Angalau halikurudi tupu," Bi Nunuu akasema.

Bi Zamda alilitoa sinia, akalisugua kwa kidole pale kwenye kutu, akagusa ule ubonyeo. Upo. Kisha akayatazama yale maboksi, povu, plastiki, riboni, vimejaa baraza yote aliyokuwa ameifagia alfajiri.

"Msabaha, mizani yako bado unayo?"

"Ninayo."

"Pima."

Akapima. Kilo nne na nusu.

Dirishani kwa jirani redio ilikuwa bado inasema. Ilisema kwamba, kwa maslahi ya usafi wa taifa, kufunika chakula kwa kawa ni marufuku nchi nzima kuanzia leo saa sita mchana.

Bi Zamda akaliweka sinia kichwani kwa majaribio, likakaa sawasawa, kama lilivyokaa kichwani kwa mama yake. Akalishusha, akaanza kupakua povu, cheti juu.

"Sasa saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne na nusu," Msabaha akasema.

"Kwa Mheshimiwa ni mwendo wa saa moja. Nunuu, shoga yangu, nipe hilo kawa."